Vitabu vya chapa za mbao za Kijapani: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza kama ununue kitabu kimoja kinene cha historia nzima ya chapa za mbao za Kijapani, yaani picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, au vidogo kuhusu waigizaji wa kabuki, ile tamthilia ya jadi ya Japani. Maadamu moyo wako uko kwenye kabuki, achana na hicho kinene. Kitakupa picha mbili tatu za kila msanii na kukuacha na kiu.

Anza na Sharaku, msanii aliyechora waigizaji hao. Chapa zake zilitoka 1794 hadi 1795, kwa takriban miezi 10, kisha hakusikika tena, hivyo kitabu kimoja kinaweza kukuonyesha karibu kazi zake zote. Baadaye watafute wasanii wengine wa waigizaji: Shunshō aliyemtangulia, halafu Kunisada.

Kabla ya kulipa, fungua zile picha za Sharaku za nyuso kubwa. Nyuma ya mwigizaji palipakwa unga wa ulanga, madini yanayometa. Kama kitabu kimepageuza kijivu kilichofifia, kirudishe. Kisha soma maelezo chini ya picha: yataje mwigizaji, mhusika, mchezo, ukumbi na mwezi. Hayo ndiyo yatakayokufundisha kutazama, mpaka ukiona miraba mitatu iliyoingiana kwenye vazi utambue mwenyewe nembo ya Ichikawa Danjūrō, ukoo mashuhuri wa waigizaji wa kabuki.

Katalogi za maonyesho ya makumbusho, hata zilizotumika, mimi naziweka mbele ya vitabu vya mapambo. Na kwa kuwa Makumbusho ya Tamthilia ya Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, yameweka chapa zake za waigizaji mtandaoni bure, zipitie kwanza ndipo utoe pesa.