Isotopu za kaboni kwenye miti ya Goma: anza na hewa

Kaboni-13, isotopu (aina) nzito ya kaboni, ni kama asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, na rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ukaa ndani ya jani, hupendelea kaboni-12 iliyo nyepesi. Vitundu vya jani vikiwa wazi, rubisko huchagua. Vikifungwa kwa ukame, haina la kuchagua, hutumia na ile nzito. Kwa hiyo jani lililokaushwa linaeleza mti ulivyokuwa ukifungua vitundu majuma yote ya kukua kwake.

Hesabu ni fupi. δ (delta) ni kipimo cha wingi wa kaboni-13 ukilinganishwa na kiwango cha rejea, kwa elfu: ikishuka zaidi chini ya sifuri, kaboni-13 ni kidogo zaidi. Chukua δ ya hewa, toa δ ya jani, kisha gawa kwa (1 + δ ya jani/1000). Toa 4.4, gawa kwa 22.6: umepata uwiano wa hewa ukaa ya ndani ya jani na ya nje. Wengi huandika hewa kuwa −8.5 kwa elfu bila kupima. Kwingine hupita salama.

Goma haipiti. Upande wa Bulengo na Lac Vert mazuku, hewa ukaa ya volkano inayolala mabondeni na kuua, hutoka ardhini, na hewa ukaa ya volkano kwa kawaida ni nzito kuliko ya angani. Tuseme jani la mkaratusi limetoka −26. Kwa hewa ya −8.5 uwiano ni 0.60, na utaandika kwamba mti una kiu. Ikiwa hewa ya pale ilikuwa −6.5, uwiano ni 0.69, mti hauna shida yoyote.

Chupa za kukusanyia hewa ni ghali, na zinakamata dakika moja tu. Panda mahindi. Usanisinuru wake hauchagui sana, kwa hiyo jani lake hufuata hewa. Penye hewa ya kawaida huwa karibu −12 hadi −13. Panda mbegu moja kando ya miti na nyingine mbali na gesi, udongo uleule, maji ya kutosha kote. Tofauti kati ya mahindi hayo mawili ndiyo tofauti ya hewa. Ruka majani matano ya kwanza, yana kaboni ya punje. Kwenye mti, funga uzi kwenye chipukizi siku mahindi yanapoota, uchume jani lililokua wakati huo. Na tumia miche isiyozidi mita mbili: gesi hulala chini, kilele cha mti mrefu hakiipati.

Majani ya juani tu, matano kwa mche. Osha kwa maji safi, maana vumbi la saruji lina kaboni nzito sana na linaharibu namba. Bahasha ya karatasi, kalamu ya risasi. Kausha nyuzi 60 kwa saa 48, mbali na moshi wa makala, saga iwe unga, pima miligramu 2 kwenye kikopo cha bati.

Usichume alfajiri bila upepo, wala usiiname mabondeni. Mazuku haina rangi.