Wasomaji Wauliza: Kura za Wadi Hazijumliki

SWALI: Nilipiga picha matokeo ya diwani yaliyobandikwa mlangoni mwa vituo vyetu huku Shella. Nikijumlisha, sipati yaliyotangazwa. Mtandaoni nako fomu sizioni. Kura zimeibwa, au hesabu yangu mbovu?
*Msomaji, Lamu*

JIBU: Usiseme wizi bado. Kwanza hakikisha unasoma Shella yako. Pwani ina wadi mbili za jina hilo: moja Lamu Magharibi, nyingine eneobunge la Malindi, Kaunti ya Kilifi. Picha inayozunguka kwenye simu bila jina la kaunti usiitie katika hesabu.

Mtandaoni usijichoshe. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliwafungulia wananchi tovuti ya fomu za vituo za kura ya rais tu, yaani 34A. Ya diwani ni 36A, na hiyo ya mlangoni ndiyo yenyewe. Zitunze sana picha zako.

Sasa chukua 36A moja moja. Tuseme wagombea wamepata 212, 187 na 61: kura halali ni 460. Ongeza 7 zilizokataliwa, unapata 467, nayo isizidi idadi ya waliosajiliwa katika kituo hicho. Kituo kisheria hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja huwa na vituo kadhaa, kila kimoja na fomu yake. Hapa ndipo wengi huteleza: wanapiga picha mlango mmoja na kudhani shule nzima imekwisha.

Kisha linganisha na 36B, inayojumlisha vituo vyote vya wadi. Hesabu mistari kabla ya kura, maana kituo kimoja kikirukwa jumla yote inaharibika. Halafu fuata kila mgombea, kituo kwa kituo. Karani aliyekesha huandika 178 badala ya 187, au huhamisha kura za mgombea kwenye safu ya jirani yake. Tofauti ikigawika kwa 9 bila baki, tafuta kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ukiipata, mpelekee mgombea au wakala wake pamoja na picha ya 36A husika. Sahihi ya wakala kukosekana, peke yake, haibatilishi fomu.

SWALI: Mgombea wetu ameshindwa kwa kura chache kuliko zile zilizokataliwa. Uchaguzi si urudiwe?
*Msomaji, Malindi*

JIBU: Haurudiwi kwa sababu hiyo pekee. Diwani hushinda kwa kura nyingi halali, hata asipofika nusu, na karatasi iliyotiwa alama kwa wagombea wawili, au isiyo na alama yoyote, haimpi mtu kura. Nafasi nzuri ilikuwa pale pale kituoni: mgombea au wakala anaweza kudai kura zihesabiwe upya, mwisho mara mbili. Wakala anayeondoka mapema kwenda kulala anaipoteza haki hiyo, na hilo linatuuma kila uchaguzi.

Kilichobaki ni kesi. Ya diwani husikizwa na hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Iwasilishwe ndani ya siku 28 tangu matokeo kutangazwa, na dhamana ya shilingi 100,000 ilipwe ndani ya siku 10 baada ya kuwasilisha. Uamuzi hutolewa ndani ya miezi 6. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za sheria tu.

Muulizeni wakili leo, si wiki ya nne.