Premio ya 1998 na milioni 3 mfukoni: kabla hujafikiria turbo

Ndugu yangu wa Mukono, swali lako nimelisoma mara mbili, maana mwaka 2019 lilikuwa langu. Una Toyota Premio ya 1998, injini 3S-FE (ile ya lita 2 isiyo na turbo), gia otomatiki. Ikipanda kilima na watu wanne inapiga kelele tu, haiendi. Una shilingi milioni 3 za Uganda na unataka kujua kama ufunge ekzosi na filta ya hewa ya wazi, utafute turbo (feni inayosukumia hewa ndani ya injini), au uuze.

Mimi nilikuwa na Toyota Caldina ya 1997, injini hiyohiyo. Nilianza na ujinga. Nilitoa 850,000 nikafunga filta ya wazi, ile ya umbo la uyoga, pamoja na ekzosi nene yenye mdomo wa kumeza ngumi. Gari likapata sauti. Bombo nzima ilikuwa inajua saa ninayorudi nyumbani. Nguvu sikuiona. Filta ile ilikuwa inavuta hewa ya moto kutoka nyuma ya rejeta, na hewa ya moto ni nyepesi, wakati boksi la filta la kiwandani lina mdomo unaochota hewa ya baridi pembeni ya fenda. Halafu kuna hili vumbi letu jekundu. Siku moja nilifungua bomba la hewa baada ya filta, nikapitisha kidole ndani, kikatoka na rangi ya tofali. Vumbi hilo ni msasa, na safari yake inaishia kwenye silinda.

Tukaenda Kabale kwenye harusi, watu watano na mizigo. Kwenye vile vilima nikapitwa na tipa. Tipa! Shemeji akauliza kwa upole kama nimesahau kushusha hendibreki.

Niliporudi, jamaa akanipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Ndeeba, Kampala. Alitazama ekzosi, akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, kwanza tujue kama injini inapumua." Akatoa plagi zote nne, akafunga geji ya kompresheni (inayopima silinda inabana hewa kwa nguvu gani) kwenye tundu la kwanza, nikapiga stata huku nimekanyaga mafuta hadi chini. Namba zikatoka, kwa kilo kwa sentimita ya mraba: 12, 11.5, 12, na silinda ya nne 9. Injini yenye afya ya aina hii huwa karibu na 12. Ikishuka chini ya 10, au silinda zikitofautiana zaidi ya 1, kuna ugonjwa. Akamwaga kijiko cha oili kwenye tundu la nne, akapima tena. Ikabaki 9. Akanieleza kwamba ingepanda, ringi za pistoni zingekuwa zimekwisha. Kwa kuwa haikupanda, mara nyingi ni valvu haifungi vizuri. Kumbe nilikuwa natembea na silinda tatu na nusu na ekzosi ya mashindano.

Tukashusha hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu), valvu zikasagwa, gasketi mpya. Pamoja na ufundi ilinigharimu 780,000, yaani pungufu ya ile sauti niliyoinunua.

Alipokuwa ndani akakuta mengine. Thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, haikuwepo kabisa. Fundi fulani huko nyuma aliitoa "ili gari lisichemke". Injini haipati joto lake, kompyuta ya injini inaamini bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli. Nikaelewa kwa nini mshale wa joto ulikuwa ukilala kila nikishuka mteremko. Filta ya petroli ilionekana ni ileile iliyotoka nayo Japani. Na hili la mwisho naona aibu kuliandika: alimwambia kijana wake akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho huku yeye anaangalia throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, pale mbele. Haikufunguka yote. Kebo ilikuwa imelegea, na chini ya pedeli nilikuwa nimeweka kapeti mbili. Kwa miaka miwili nilikuwa naendesha gari ambalo halijawahi kukanyagwa kikamilifu.

Kumbuka pia tunaishi juu. Kampala iko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Gari lililoandikwa nguvu za farasi 130 hapa linakupa kama 115 likiwa zima, na Kabale, karibu mita 2,000, linakupa hata pungufu ya hapo. Hicho hakina fundi. Ndiyo maana turbo inatamanisha hapa kwetu. Yenyewe inasukuma hewa, haiathiriki sana.

Lakini usifunge turbo juu ya 3S-FE. Injini yako inabana mchanganyiko wa hewa na petroli zaidi ya mara 9, na ile ndugu yake ya turbo, 3S-GTE, Toyota waliianzisha na 8.5 kwa makusudi, pistoni zake ni nyingine. Ukilazimisha, itaanza kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla ya wakati, na pistoni hazikupi taarifa mara mbili. Njia ya maana ni kuweka 3S-GTE nzima na gia boksi lake, nyaya na kompyuta yake, na hapo milioni 3 zitaishia kwenye mazungumzo ya bei pale Kisekka, soko la spea Kampala. Bado breki, rejeta, na kubadilisha namba ya injini kwenye logibuku, kadi ya gari.

Breki ndizo ningezitolea hela hata kama hukuniuliza. Oili ya breki hunyonya maji kadiri inavyokaa. Kwenye mteremko mrefu inachemka na pedeli inazama. Badilisha yote, ni bei ndogo. Tairi, soma zile tarakimu nne ubavuni. Zangu ziliandikwa 2211, wiki ya 22 ya mwaka 2011. Meno yake yalikuwa mazuri kwa macho, nikadhani nimepata bahati, kumbe mpira ulikuwa umekakamaa kwa uzee. Mvua ilinikuta Lugazi nyuma ya lori la miwa, nikakanyaga breki, gari likaendelea na safari zake. Nilisimama nikiwa naweza kuhesabu miwa.

Kuuza? Mimi nisingeuza. Tangu 2018 gari lenye miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hiyo Premio nyingine ya rika hilo utainunua hapahapa, na ugonjwa ambao mwenyewe hatakuambia. Huu wako angalau unautibu mwenyewe. Na farasi wa ziada utawakimbizia wapi? Kuna barabara ya kulipia ya Entebbe, mwisho 100. Kwingine kote ni boda na matuta.

Caldina yangu sasa inapanda bila mimi kuzima O/D, ile gia ya juu kabisa ya otomatiki. Ekzosi niliitoa, nikarudisha sailensa ya kawaida; mke wangu ndiye aliyefurahi zaidi.

Wewe anza na geji. Wiki hii, kabla ya kununua chochote, pima silinda zote nne injini ikiwa na joto, kisha ziandike hapa hizo namba, nitakwambia mimi ningeanzia wapi.