Je, alizeti itasafisha shamba la mama?

SWALI: Shikamoo mzee. Kwetu ni Nyatike, kaunti ya Migori, karibu na ule mgodi wa zamani wa Macalder. Mama analima sukuma wiki hatua chache tu kutoka kwenye rundo la mchanga wa mgodi. Binamu yangu anasema tukipanda alizeti itafyonza sumu yote, na msimu ujao shamba litakuwa safi. Nimeshanunua kilo mbili za mbegu. Nizipeleke?
Binti wa Nyatike, Umoja, Nairobi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mbegu zibaki kwako kwanza. Alizeti hufyonza madini yenye sumu, ni kweli, ila kwa miaka mingi na kidogo kidogo. Tena madini hayapotei. Yanahamia kwenye majani na mabua. Mbuzi akila, yanaingia kwa mbuzi. Mabua yakiwashwa jikoni, jivu lake linabaki na sumu ile ile.

Kinachonikosesha usingizi ni sukuma. Sukuma ni ukoo mmoja na haradali, na haradali ni mojawapo ya mimea ambayo watafiti huipanda makusudi ivute madini kutoka udongoni. Mama naye anachuma majani hayo na kuyapika! Mwambie ahamishie mboga kwenye magunia wiki hii. Umeyaona Kibera: mawe katikati ya kupitisha maji, udongo pembeni, miche kwenye matundu. Udongo utoke mbali na mgodi, upande wa mlimani.

Macalder ilichimbwa shaba na dhahabu, ikafungwa mwaka 1966. Mawe yake yana salfa nyingi. Yakishasagwa, hewa na mvua huigeuza salfa hiyo kuwa asidi, na asidi ndiyo inayoyaachilia madini yateremke shambani na mtoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulifanya rundo litulie. Zungusheni safu za nyasi za vetiva. Mizizi yake hushuka hata mita tatu, hushika mchanga, na madini mengi hubaki mizizini badala ya kupanda majanini. Mifugo isilishwe nyasi hizo.

Kuhusu chokaa na mbolea za kutuliza madini hayo, tulia. Nilifanya kazi ya maabara ya udongo hadi nikastaafu, na kosa linaloniuma mpaka leo ni mkulima niliyemshauri aweke mbolea ya fosfeti kabla sijapima kila kitu. Fosfeti huyafunga madini ya risasi (lead) udongoni vizuri sana, lakini penye aseniki (arsenic), sumu nyingine, huisukuma iingie majini. Udongo wake ulikuwa na zote mbili. Chokaa nayo hupunguza asidi na kutuliza shaba, lakini ikizidi, aseniki inaachia udongo na kuingia majini. Na aseniki huandamana na dhahabu mara nyingi. Basi chota udongo sehemu kadhaa za shamba, uulizie maabara za udongo za Kabete, na useme wazi unataka kupimiwa risasi, aseniki, shaba na zebaki. Kipimo cha kawaida cha mbolea hakitakuonyesha hayo.

Maji ya kisima kilicho karibu na rundo msinywe mpaka yapimwe. Kuyachemsha huua vijidudu tu. Madini yanabaki, tena yanakolea. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, maana risasi huwaingia zaidi kwa vumbi la vidoleni.

Majibu yakitoka niandikie, tuone kama chokaa inafaa na kiasi gani. Alizeti pandeni kwenye shamba lililo safi, mkamue mafuta.