Gitaa la punk linapigwa kwenda chini tu?

Kuna mtu kauliza kama mwalimu wa gitaa kwenye video amekosea kusema punk, ile rock ya kasi na fujo, inapigwa kwenda chini tu. Hajakosea, kwenye punk ya mtindo wa Ramones, bendi ya Marekani, mkono unapiga kwenda chini tu, haurudi na sauti juu. Johnny Ramone, mpiga gitaa wao, alipiga hivyo karibu kila kitu toka albamu yao ya kwanza ya 1976, na sababu ni kwamba ukishuka unagonga nyuzi nene kwanza kwa hiyo kila pigo linakuwa zito na sawasawa, ukipanda zinatangulia nyembamba na ile nguvu inapotea. Mi nimejifunza kwa video tu na kilichonisaidia ni kupunguza spidi mpaka 0.75 au hata 0.5, YouTube inakuruhusu na noti hazibadiliki, halafu nacheza kwa kiwiko na kifundo cha mkono kilicholegea maana ukikaza mkono utachoka kabla wimbo haujafika nusu. Ukisikia maumivu simama, usilazimishe. Ila sio punk yote bwana, ile iliyochanganywa na ska, muziki wa Jamaika, inataka mapigo ya kwenda juu, na hardcore, yaani punk kali zaidi, ikiwa ya kasi sana wengi wanapiga chini juu.