Jibu: Indiketa kuwaka mbiombio baada ya kufunga LED

Mkuu, umeuliza kwa nini indiketa zinawaka mbiombio tangu ufunge taa za LED: hiyo Toyota IST yako haijaharibika. Globu ya kawaida ya indiketa inakula wati 21, LED inakula kidogo mno, kwa hiyo flasha (kifaa kinachoziwasha na kuzizima indiketa) inadhani globu imeungua na kuanza kukimbia. Badilisha flasha, weka inayokubali LED. Resista, kifaa kinachofungwa kwenye waya wa indiketa ili ule umeme kama globu ya kawaida, nayo inasaidia, ila inachemka kweli, isiguse plastiki.

Kama na za mbele umeweka LED, hizo ndizo zinazonitia hofu. Taa ya globu ya halojeni imetengenezwa kufuata mahali waya unaowaka ndani ya globu ulipo. Chipu za LED, yaani vipande vinavyotoa mwanga, zikikaa kando kidogo tu ya hapo, mwanga unatawanyika, na usiku njia ya Segera unampofusha dereva anayekuja. Egesha mbele ya ukuta, washa dimu (mwanga wa chini): usipoona ukingo safi juu ya mwanga, rudisha halojeni. Halafu kwa chumvi ya hapa Tanga, safisha soketi za globu na ethi (waya unaounga taa na bodi ya gari). Kutu ikitoka, hata globu za zamani huwaka vizuri zaidi.