Levothairoksini na chai ya maziwa
Je, levothairoksini, dawa ya tezi ya shingoni (thairoidi) isiyotoa homoni ya kutosha, inaweza kumezwa na chai ya maziwa? Hapana, usiimeze hivyo. Meza kwa maji matupu asubuhi kabla ya kula, subiri dakika 30 hadi 60 ndipo unywe chai. Kalsiamu ya maziwa hushikana na dawa, sehemu ya dawa ikapita bila kufyonzwa. TSH, homoni inayopimwa kwenye damu kuona kama dawa inatosha, inabaki juu na mtu anaongezewa dozi bure. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma viache mbali zaidi, viachane na dawa hii kwa muda wa saa 4. Damu ipimwe tena wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa dozi, kabla ya hapo TSH haijatulia. Ila mjamzito asisubiri: amwone daktari mara tu anapojua ana mimba, maana dozi kwa kawaida hupandishwa. Na ukipata nafuu, tafadhali usiache kidonge bila daktari.